Ngoma Isiyomngoja Mtu

Awuor mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda Kapkatet kumuaga Mwalimu Rono wako wa muziki, na ulipokuwa unafunga mlango hukunitazama. Nimebaki hapa mezani na kalamu niliyotoka nayo kiwandani. Mvua ya mchana imeanza kupiga mabati, kwa hiyo hata nikisema peke yangu hakuna jirani wa kunisikia na kutangaza kwamba fundi amerukwa na akili. Wiki hii nimejaribu kusema nawe ana kwa ana, lakini kila nikifungua mdomo unachukua kisanduku cha klarineti na kutoka. Basi nimeona niandike. Barua hii nitaiacha mezani, mama yako akupe mkirudi. Ukiichana kabla ya kuisoma shauri yako, ila nakujua, wewe hata karatasi ya kufungia sukari huwa unaisoma.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kuficha simu ukiwa barabarani, mama yako ameyasema mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Ya kumsaidia shangazi yako jikoni pia ameyasema. Sitayarudia. Mimi nataka kusema juu ya ngoma.

Najua hutaki kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Vumilia.

Tuseme mambo yalivyo. Kesho unaondoka kwenda kuishi Nairobi. Jumanne utasimama tena mbele ya ile okestra na kupiga ile konseto ya klarineti, na Madam Njeri anayeiongoza okestra alisema bila kuzunguka: ukikwama tena pale ulipokwama, nafasi ya kupiga mbele atapewa yule kijana mwingine wa klarineti, na nafasi ya chuo itamfuata. Hukukwama kwa sababu hujui. Unaijua konseto ile kama njia ya kwenda kisimani. Ulikwama kwa sababu ya kitu nilichokufundisha mimi bila kujua ninafundisha. Hilo ndilo linalonikosesha raha tangu tulipotoka Nairobi, na hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla hujaondoka, usije ukafika kule ukidhani kasoro iko kifuani mwako.

Nianzie mbali kidogo, unavyojua mimi sipendi kuanzia katikati.

Siku Mwalimu Rono alipotuletea konseto ile katika simu yake, tulikuwa hapa hapa mezani. Wewe ulikuwa umekwisha kuisikia shuleni, ulikuwa unatutazama sisi kuona tutasema nini. Mwalimu, ambaye "baba" kwake ni "papa", akasema, "Papa Awuor, hii iliandikwa na mzungu wa Denmark, karibu miaka mia sasa. Alikuwa na rafiki wake wa kupiga klarineti, mtu wa hasira ya karibu. Akamwandikia hii."

Mama yako akauliza, "Hasira ya karibu kama ya nani?" huku akinitazama mimi. Mlicheka wote watatu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tukasikiliza. Mwanzo nilipenda, vile vinanda vya nyuzi vinaanza taratibu kama watu wanaopanda mlima wakiongea. Kisha klarineti ikaingia, nikakutazama, nikajua kwa nini umeitaka. Halafu ngoma ikaja. Ngoma ndogo, ile yenye nyuzi za chuma chini, ya aina ile ile ninayoibeba mimi begani kila Jumapili. Klarineti inaeleza jambo lake, na huyu wa ngoma anaikatiza. Klarineti inakwenda juu, anaifuata. Klarineti inajaribu kunyamaza, anagonga. Nilidhani simu imeharibika.

Nikasema, "Huyu wa ngoma hana adabu hata kidogo."

Mwalimu akajibu, "Hiyo ndiyo kazi yake, Papa Awuor. Yeye ni wa kusumbua."

Alinieleza waziwazi, nikasikia kwa sikio moja. Kichwani nilikuwa tayari nafurahi kwamba katika okestra nzima ya wazungu kuna ngoma moja tu, na ngoma hiyo ninaiweza. Mtu wa kukusaidia mazoezi alikuwa amepatikana, na mtu huyo alikuwa baba yako. Nilijiona nimepata cheo.

Sasa ukumbuke mimi nilifundishwa ngoma na nani. Marehemu Mzee Oloo, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa, hakujua kusoma noti hata moja, na kwa ngoma hakuwa na mfano wake katika mashamba haya yote. Nilipoanza nilikuwa kijana, nataka kuonyesha mikono. Jumapili ya kwanza tulitoka laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, tukipanda kwenda kanisani, ile njia ya utelezi kati ya majani ya chai, nami nikapiga kwa mbio kama nafukuzwa. Tarumbeta zilinifuata. Tulipofika juu tukageuka, tukaona akina mama wazee wako kule chini, mmoja amekaa kwenye ukingo wa mtaro anashika goti. Mzee Oloo hakunigombeza mbele ya watu. Alinivuta kando akaniambia kwa Kijaluo chetu na Kiswahili, "Wuoda, mwanangu, ngoma haiangalii mbele. Angalia miguu ya hao mamas. Yule wa mwisho akiweka mguu, ndio unapiga."

Ndivyo nilivyopiga tangu siku hiyo. Wewe umekulia nyuma ya ngoma hiyo, umeona. Kwenye mazishi ndiyo zaidi. Wabebaji wa jeneza wakiteleza, fimbo zangu zinabaki hewani mpaka miguu yao ishike ardhi. Watu hunisifia kwa hilo, wananiita kutoka mashamba mengine. Mimi nami mgema nikasifiwa. Sikufikiri hata siku moja kwamba kuna mahali ngoma ya namna hiyo inaweza kumwumiza mtu.

Kwa hiyo tulipoanza mazoezi katika stoo ya kanisa, wewe ukiwa umesimama kati ya viti vibovu na mimi ngoma ikiwa juu ya kreti, nilipiga kama nilivyofundishwa. Niliangalia miguu yako. Hapana, niseme kweli. Niliangalia kifua chako.

Pale kabla ya ile sehemu ya kupanda juu sana, ambapo noti zinakimbizana mpaka mimi nasikia kizunguzungu, unahitaji kuvuta pumzi. Mwalimu Rono alikuambia kwa simu, na mimi nilikuwa karibu nasikia: "Hapo pumzi ni ya kuiba, Awuor. Kidogo tu, ngoma ikiwa pado inaongea. Hakuna nafasi nyingine." Wewe ukajaribu kuiba. Ukakosa noti mbili tatu, ukakunja uso. Mara iliyofuata ulipofika pale, mkono wangu ulisimama wenyewe. Ukavuta pumzi yako yote, ukapanda, ukafika juu salama, ukatabasamu. Nami nikatabasamu. Tukaendelea hivyo miezi yote.

Na siku uliyosema unataka kupiga pamoja na ile ya kwenye simu, unakumbuka nilikuambia nini? Nilikuambia, "Zima hiyo simu, inakukimbiza bure. Mimi niko." Ukazima. Mtoto mtiifu, na utii wako ndio uliokuponza.

Labda hujui kwa nini mkono wangu ulisimama. Mama yako anajua kidogo. Ulipokuwa mdogo, kabla hata hujaanza nasari, ulikuwa mtoto wa kifua. Msimu mmoja wa baridi kikakubana vibaya, na mama yako alikuwa amekwenda ziwani kumzika nyanya yako, kwa hiyo ni mimi niliyekubeba mpaka hospitali ya Kapkatet na ni mimi niliyekaa nawe wodini. Wale akina mama wa vitanda vya pembeni walikuwa wakinicheka kidogo, mwanamume mzima anaosha nguo za mtoto, kisha wakanizoea, wakawa wananigawia uji. Daktari alikuwa akipita asubuhi. Saa zilizobaki nilikuwa na kazi moja, kusikiliza. Pumzi yako ilikuwa inatoka kwa filimbi, halafu inakaa. Inakaa. Halafu inaingia. Nilijikuta nami nazuia yangu mpaka yako irudi. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo na haikukusaidia chochote, lakini sikuweza kuacha. Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada.

Ulipona. Daktari alisema umepona kabisa, na miaka ikapita bila kukohoa. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki wodini.

Angalia mambo niliyofanya. Nilikwenda shuleni kumwambia mwalimu wa michezo asikukimbize, na wewe ulikuwa unakimbia kuliko wasichana wote wa laini yetu. Kwaya ya shule ilipokwenda Londiani kwa mashindano, nilikataa usiende kwa sababu Londiani kuna baridi, kana kwamba hapa kwetu tunaishi jangwani. Ulilia mpaka jioni. Nikakuambia utakwenda mwaka ujao, na mwaka uliofuata walikuwa wameshampa mwingine sauti yako. Hata ile klarineti, ilipokuja na yale masanduku ya vyombo vya muziki vilivyotumika na hakuna mtu wa bendi aliyeijua, ukaishika wewe, mimi ndiye niliyesema hapana, kifua chake. Mama yako ndiye aliyesema, "Baba Awuor, wachana na mtoto apulize. Hicho kifua ni chake, si chako." Ningekuwa na akili ningeandika maneno hayo juu ya mlango.

Waswahili wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeusikia msemo huo tangu nikiwa shule ya msingi, nikidhani ni wa watu wasiochapa watoto wao. Sikujua unanihusu mimi, mpaka siku ile ya Nairobi.

Siku ile. Na tuiseme.

Ulikuwa umependeza, na gauni lile la shangazi yako. Mimi nilikaa nyuma kwenye viti vitupu, kofia mapajani, najivuna peke yangu. Okestra ikaanza, na nikuambie, kusikia vile vinanda vikitoka katika watu badala ya simu kulinifanya nishike kiti cha mbele yangu. Ukaingia vizuri. Ukapiga vizuri kuliko ulivyowahi kupiga stooni. Yule kijana wa ngoma, Kevo, alikuwa nyuma kabisa, kichwa kimeinama kwenye karatasi zake, hata hakutazami. Nikasema moyoni, anaangalia karatasi badala ya mpigaji, hawa vijana.

Mkafika pale. Ukanyanyua mabega, ukavuta pumzi ile ndefu niliyokuzoesha. Naye akapita. Hakupita kwa ubaya, alikwenda tu na njia yake. Ulipoingia wewe, ngoma ilikuwa mbele, nyuzi zote ziko mbele, ukawa unatafuta mahali pa kukanyaga huoni. Ukanyamaza. Okestra ikasogea kidogo bila wewe, kisha ikafa mmoja mmoja.

Madam Njeri akasema, "Sawa, hakuna shida. Turudie." Mkarudia. Ukanyamaza pale pale. Mkarudia tena, na safari hii niliona umekwama hata kabla ya kufika, mabega yamekwisha kupanda.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo hujanisamehe. Sijui nilisimama vipi. Nilijikuta niko wima katikati ya viti, kofia imeanguka, napiga kelele, "Kijana! Wewe wa ngoma! Si umngoje!"

Watu wote wakageuka. Wengine wakacheka, wengine wakatazama viatu vyao, na hao ndio walioniuma zaidi. Kevo akashusha fimbo, akasema kwa heshima, hilo siwezi kumnyima, "Mzee, mimi nasoma tu yenye imeandikwa." Na Madam Njeri, bila kupandisha sauti, "Mzee wangu, keti tafadhali. Hii ngoma haingojangi mtu."

Wewe hukugeuka. Niliona tu shingo yako. Niliona aibu, Awuor. Niliona aibu mbele ya vijana wasionijua, lakini aibu hiyo ningeimeza. Iliyonishinda ni ile shingo yako.

Njia nzima mpaka Kericho ulitazama dirishani. Mimi nilikuwa na hasira, tena si kwangu bado. Nilimkasirikia Kevo, nikamkasirikia Madam, nikamkasirikia hata yule mzungu wa Denmark pamoja na rafiki yake. Nilisema moyoni, muziki gani huu wa kumfukuza mtoto. Ilinichukua muda kuona kwamba kijana yule hakukufanyia lolote baya. Hakukuchukia. Alikuwa na kazi yake, akaifanya. Utakutana na wengi wa namna hiyo huko uendako, wenye ofisi, wenye nyumba za kupangisha, walimu, watu wa barabarani, na karibu wote hawatakuwa wabaya. Watakuwa tu hawakukaa wodini. Mimi nilifika uzeeni nikidhani asiyekungoja ni adui yako, na nimegombana na watu wengi wasio na hatia kwa sababu hiyo, msimamizi wangu wa kwanza akiwa mmoja wao. Usirithi ugomvi huo.

Nikifika Alhamisi sasa, ndipo nitakapomaliza.

Alhamisi ulikuja mwenyewe stooni ukanikuta nafuta vumbi ngoma. Nilifurahi mno, nikadhani yamekwisha. Ukafungua kisanduku, ukaunga klarineti, ukasema, "Baba, piga. Lakini usiningoje."

Nikasema, "Sitakungoja."

Tukaanza. Nilikuwa nimeazimia, Mungu ananiona. Tukafika pale, na mkono wangu ukasimama. Ukakata katikati, ukanitazama. Nikasema, "Bahati mbaya. Tena." Tukarudi. Mkono ukasimama. Mara ya tatu nilifumba macho nisikuone, lakini nilisikia kifua chako kinavuta, na fimbo zikabaki hewani kama za mjinga.

Uliniambia, "Baba, huwezi." Hukusema kwa hasira. Ulisema kama daktari. Ukaitenganisha klarineti vipande vyake, ukaviweka kisandukuni, ukatoka. Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji.

Umekosea jambo moja tu, na ndilo lililonikalisha hapa. Umesema siwezi. Ulikuwa unasema kweli siku ile, ila leo si kweli yote.

Unajua kule kiwandani chumba cha kuchambua majani makavu, zile chekecheke kubwa zinazotikisika kutwa kucha. Mimi ndiye ninayezitengeneza, nimezisikia tangu ujana mpaka sizisikii tena. Ijumaa nilikwenda pale wakati wa mapumziko, nikageuza ndoo ya bati juu chini, nikatoa fimbo zangu mfukoni. Nikaanza ngoma ya konseto kwa mwendo wa mashine. Sehemu yako nikaipiga kichwani mwangu, sauti yako yote naijua, kila noti. Tukaenda, mimi na mashine na wewe wa kichwani. Tulipofika pale, mkono ukasimama. Mashine haikusimama. Mashine haijui Awuor ni nani. Nikapotea vibaya, nikaanza upya.

Kiprotich wa zamu akaja akasimama mlangoni, vumbi la chai mpaka kwenye nyusi. "Baba Awuor, ni nini sasa? Chai nayo inataka bendi?"

Nikamwambia aondoke. Hakuondoka, akaita wenzake. Wakanicheka mapumziko yote. Jana wakanicheka tena, na leo asubuhi, kabla ya ibada, ingawa si zamu yangu, nilikwenda tena, unajua sasa nilikokuwa mlipokuwa mnanitafuta kwa chai ya asubuhi. Mikono ya mtu ni mikaidi. Ilinibidi niitukane. Kila nikifika pale ilikuwa inataka kusimama, naivuta, inapinda, naivuta tena. Na leo, sijui ni uchovu, tulifika pale, ukavuta pumzi kichwani mwangu, na nikapita. Nikakuacha pale na pumzi yako, nikaenda zangu na mashine. Nikafika mwisho wa sehemu ile peke yangu.

Nilikaa chini kwenye magunia nikalia. Kiprotich akaacha kucheka, akawafukuza wengine.

Sitakuomba msamaha kwa kukungoja ulipokuwa kitandani Kapkatet. Ningekungoja vile tena leo. Naomba msamaha kwa sababu uliamka ukatembea nami sikuona, nikaendelea kukupigia kama mtu anayeteleza na jeneza. Na kwa kusimama mbele ya watu wako na kufanya ionekane huwezi kusimama mwenyewe. Hilo naliomba kwa moyo wote, na usiponipa leo nitasubiri, kusubiri ndiko ninakokujua.

Kuna jambo la mwisho, nalo linaniogopesha, sitaficha. Kwenye ndoo ya bati nilipita, lakini wewe hukuwapo. Sijui mkono huu utafanya nini ukiwa mbele yangu mzima, na kifua chako kikivuta. Inawezekana utasimama tena, nikuharibie hata safari. Inawezekana hutaki hata kujaribu, na una haki. Lakini kati ya hapa na Jumanne hakuna mtu mwingine katika milima hii yote anayeijua ngoma ile. Huwezi kwenda kukutana nayo mara ya kwanza mbele ya Madam Njeri. Lazima ikupite mara moja ukiwa nyumbani. Ikupite, uibe pumzi, uikimbilie. Uanguke hapa ikiwa ni kuanguka, mahali ambapo wanaokusikia ni viti vibovu tu.

Kwa hiyo nimevaa koti la mvua, naandika haya ya mwisho nikiwa nimesimama. Nakwenda stooni sasa. Mkirudi kutoka Kapkatet na ukiisoma hii, usivue viatu, chukua kisanduku uje. Usinisalimu. Usianze kunieleza lolote, wala mimi sitakueleza. Simama mahali pako uanze, mimi nitaingia palipoandikwa niingie. Nitapiga kwa nguvu. Nitakukatiza, nitakusumbua, na tukifika pale sitakutazama.

Nitakupigia kama mtu asiyekujua, nyara, binti yangu, maana sina kitu kingine cha kukupa cha kwenda nacho Nairobi.

Baba yako